Girisi "isiyoyeyuka" iliniulia feni ya boila, wewe wa Tabora zima hilo jiko kwanza

Mdogo wangu zima jiko. Umeandika unapika girisi ya mawese kwa kostiki soda, unatia na unga wa grafiti, umeipasha kwenye kikaango mpaka nyuzi 160 haikuyeyuka, basi umeridhika unataka kuwauzia wenye oveni za mikate na wenye vyumba vya baridi vya samaki, ukauliza vipimo vya kuchanganya, makopo utapata wapi na vibali vinakuwaje. Hapo kwenye "haikuyeyuka" ndo nimeshtuka, maana ni neno hilohilo nililouziwa mimi.

Nipo Kigoma, nina kiwanda kidogo cha kukamua mawese huku Mwandiga. Boila tunaichochea kwa makapi na maganda ya mise (kokwa za chikichi), na kuna feni inavuta moshi kuupeleka kwenye dohani. Beringi ya upande wa moshi inapata shida kwa sababu joto linatembea na shafti linaingia mpaka ndani yake, tulipoipiga na ile bastola ya kupimia joto ikasoma nyuzi 140. Girisi ya kawaida ya lithiamu ilikuwa inalegea inachuruzika, fundi kila wiki yuko pale na pampu. Nikasema si na mimi ni mtu wa mafuta, nitaipika mwenyewe.

Nikampata muuzaji wa malighafi Dar. Akaniuzia udongo wa bentonaiti, ule ulioandaliwa kwa ajili ya girisi, akasema huu hauna joto la kuyeyukia kabisa, weka hata kwenye tanuru. Mafuta akanipa SN150, mafuta ya petroli ya kutengenezea vilainishi, kwa sababu ni mepesi, yanachanganyika haraka na bei ni poa. Nikasaga, ikatoka nzuri yani laini kama siagi, nikaipima kwenye jiko kama ulivyofanya wewe, ikakaa. Nikajaza beringi, na girisi ya zamani ya lithiamu sikuiosha ikabaki humohumo, nalo ni kosa kwa sababu udongo na sabuni ya lithiamu iliyomo kwenye girisi ile havipatani, vikikutana girisi inaweza kulegea kabisa.

Siku ya tisa usiku feni ikaanza kupiga kelele kama bati linaburuzwa, kabla mlinzi hajafika kwenye swichi beringi imekamata, shafti imejisokota, mapanga yamekula ukuta wa feni. Tulipofungua, ndani hakuna girisi, kuna udongo mkavu mweusi umeganda kama tofali. Shafti mpya, beringi mbili, kuchonga upya nyumba ya beringi, na spea moja ikasubiriwa kutoka Dar, siku 11 bila boila. Na chikichi haikusubiri, ikishavunwa asidi inapanda kila siku, wakulima wangu wakapeleka mzigo kwa wengine na uliobaki ulitoa mafuta ambayo hata mtengeneza sabuni alinipunguzia bei.

Nampigia yule muuzaji wa Dar ananiambia "girisi iliyeyuka?" Nikasema hapana. "Basi mimi nimekuuzia nilichokuahidi." Mpaka leo nikikumbuka naumia. Alijua naweka wapi, alijua nyuzi 140, nilimwambia mwenyewe kwa mdomo wangu. Mtu anayekupa ukweli nusu huku anajua nusu nyingine itakuvunja ni mbaya kuliko anayedanganya wazi. Mnaotaka kucheka chekeni, lakini njooni na beringi zenu nizipime joto kwanza.

Sikia sasa. Kwenye girisi kinacholainisha ni mafuta. Sabuni au udongo kazi yake ni kuyashikilia, kama andazi lililochovywa chai. Liweke andazi juani, halitayeyuka, lakini chai itaisha. Mimi nilikuwa napima andazi. SN150 mepesi vile kwenye nyuzi 140 yanapanda hewani na yanayobaki yanaungua taratibu kwa hewa, na sikuweka dawa yoyote ya kuzuia hilo. Mafundi wana hesabu yao, joto likipanda nyuzi 10 mafuta yanachakaa karibu mara mbili kwa haraka. Kwa hiyo kutoka 100 mpaka 140 ni hatua nne za nyuzi 10, yani mara 16, girisi ya siku 160 inakuwa ya siku 10. Angalia yangu ilikufa siku ya ngapi.

Kwa hiyo usiniambie inayeyuka nyuzi ngapi, niambie mafuta yake yanadumu masaa mangapi kwenye joto la kazi. Chukua kisahani cha chuma, paka girisi nyembamba, pima kwenye mzani wa sonara, weka ndani ya oveni nyuzi 150, kila siku toa pima uzito, isugue kwa kidole. Mawese yako yatakuonyesha haraka, yatakuwa gundi ya kahawia halafu ganda gumu, na ile asidi yake inakula shaba iliyomo kwenye beringi. Tena sabuni ya kostiki inakunywa maji, mvuke wa oveni ukiipiga inalainika inaondoka. Grafiti inasaidia kwenye cheni ya oveni inayotembea polepole, pale mafuta yakiungua yenyewe inabaki, ila kwenye beringi ya feni inayokimbia haikuokoi.

Mimi sasa hivi nanunua girisi ya poliyurea, hiyo kinachoshikilia mafuta si sabuni wala udongo, yenye mafuta mazito, nimeosha beringi mpaka ikang'aa kabla ya kuiweka, na kwenye shafti fundi amefunga sahani ya alumini yenye mapezi kati ya feni na beringi, joto limeshuka mpaka 105. Hiyo sahani peke yake imenisaidia kuliko mapishi yote.

Vyumba vya baridi mawese usipeleke kabisa, hapa kwetu tu asubuhi yanaganda kwenye dumu, huko hasi 20 si yatakuwa jiwe, pale wanatumia mafuta ya sintetiki. Weka kisahani leo jioni, na kila asubuhi niandikie uzito hapahapa. Kabla ya siku ya tano usimuuzie mtu hata kopo moja, nakuomba.