Wasomaji Wanauliza: Huduma kwa Jamii Kutoka Nyumbani

Tangu kundi la kwanza la Gredi ya 10 liingie sekondari ya juu nchini Kenya Januari 2026, ambako mafunzo ya huduma kwa jamii ni somo la lazima, barua za wazazi kuhusu miradi ya likizo zimeongezeka. Tumechagua tano. Moja imetoka ng'ambo ya mpaka, Tanga, na ndiyo tuliyoijibu kwa urefu zaidi.

Binti yangu yuko Gredi ya 10. Kaja likizo na karatasi inayomtaka afanye mradi wa huduma kwa jamii na kuandika ripoti. Tunaishi ghorofa ya tatu, na majirani tunajuana kwa salamu tu. Nimnunulie unga na sukari apeleke kwenye makao ya watoto? — Mama, Kitengela

Mama, unga na sukari ni sadaka njema, na ukijaliwa toa. Ila hapo mtoaji ni wewe. Binti atakuwa mbebaji tu, na ripoti yake itaishia ukurasa mmoja kwa sababu hakuna alichokichunguza wala kukiamua.

Mpe siku mbili za kuuliza. Achukue daftari, awaulize watu watano wa ploti yenu (keateka, mama wa duka la chini, mzee anayekaa peke yake, dobi, kijana wa bodaboda) swali moja: ni kazi gani hapa kila mtu anailalamikia na hakuna anayeifanya? Katika majengo ya ghorofa jibu mara nyingi huwa ni taka. Tuseme ni hilo. Asianze na jengo zima. Achague nyumba sita zinazokubali kutenga maganda ya jikoni kwenye ndoo zao zenye kifuniko, afanye hivyo wiki tatu, apime kwa mizani ya kuning'iniza kila Jumatano na Jumamosi, na aandike kilo.

Kabla ya ndoo ya kwanza kujaa, lazima ajue maganda yanakwenda wapi: kwa mwenye bustani, kwa mfugaji wa mbuzi, au kwenye shimo ambalo keateka ameridhia. Miradi mingi ya taka hufia hapa: ndoo zimejaa, pa kumwaga hapana, na majirani hawatakubali mara ya pili. Ikiwa maganda ni ya mboji, ndoo ikinuka na kuvuta nzi, ujue imelowa mno. Aongeze maranda au majani makavu, konzi mbili kwa kila konzi moja ya maganda, na nyama na masalio yenye mafuta yasiingie kabisa. Yanayokwenda kwa mbuzi yasichanganywe na chochote, na yapelekwe siku hiyohiyo.

Wanafunzi wangu walitengeneza vibuyu chirizi majumbani kwao, tukavipeleka chekechea ya jirani. Wiki mbili baadaye vyote vitatu vilikuwa vimekufa. Tulikosea wapi? — Mwalimu, Tanga

Mwalimu, hukusema vilikufaje, kwa hiyo tutapita hatua kwa hatua. Kibuyu chirizi, yaani dumu la maji ya kunawa linaloning'inia kwenye fito iliyolazwa juu ya miti miwili na kuinamishwa kwa kamba ya kukanyaga kwa mguu, kinatengenezwa asubuhi moja. Shida yake ni kukiweka hai.

Kwanza vipimo. Maelekezo ya kawaida hutaka miti miwili ya mita 2 yenye panda juu, ifukiwe sentimita 50, iachane kama sentimita 70. Hicho ni kimo cha mtu mzima. Mtoto wa miaka minne akinyoosha mikono juu kiasi hicho, maji yanamteremkia hadi kwapani, na kesho hakaribii. Kwa chekechea kata miti ya mita 1.3, ukifukia sentimita 50, inabaki 80 juu ya ardhi, na dumu likining'inia linafika usawa wa viwiko vyake. Miti ichomwe ncha za chini hadi ziwe nyeusi kama makaa kabla ya kufukiwa, kwa maana mchwa huanza na ncha hizo.

Kisha tundu. Dumu la lita 5 linatobolewa kwa msumari uliopashwa moto, sentimita 12 chini ya kifuniko, upande ulio mbali na mkono wa dumu. Tundu moja tu, la milimita 2 hadi 3. Watoto wakiona maji yanatoka kidogo hutoboa la pili, na dumu linakwisha kabla ya uji kunywewa. Dawa ya maji yanayokatakata ni kulegeza kifuniko nusu mzunguko ili hewa iingie.

Tazama pia maji yanajazwa hadi wapi. Yakipita tundu yatamwagika yenyewe, kwa hiyo dumu la lita 5 kwa kweli linabeba kama lita 3. Mtoto mdogo akitumia mililita 100, hizo ni mikono ya watoto 30. Chekechea ya watoto 60 inayonawa kabla ya uji na baada ya choo inahitaji dumu lijazwe mara nne kwa asubuhi, au yawepo madumu mawili, kila moja lijazwe mara mbili. Pengine kifo cha vyenu kilianzia hapa: dumu kavu halina mgeni, na lisilo na mgeni hugeuka mchezo wa kubembea.

Kamba inakatika mahali pamoja siku zote, kwenye ukingo wa tundu la kifuniko, ambako plastiki inaila kila mtoto anapokanyaga. Tumia kamba ya nailoni badala ya katani. Ndani ya kifuniko ifunge kwenye kijiti kifupi au kitufe kikubwa ili fundo lisichomoke. Chini, ncha moja ya mti wa kukanyagia ilale ardhini na ile iliyofungwa kamba iinuke kama sentimita 15. Ikiinuka zaidi, mtoto anapanda kwa miguu miwili.

Sabuni ya kipande iliyoning'inizwa ina maadui wengi, na kwenu Tanga wa kwanza ni kunguru. Ama ifunikwe kwa kopo lililogeuzwa, au mtumie maji ya sabuni: gramu 30 za sabuni ya unga ndani ya chupa ya lita 1.5 ya maji, kifuniko kitobolewe kwa msumari mdogo. Ni rahisi, na kunguru haioni kama chakula.

Chini ya dumu chimbeni shimo la sentimita 40 kwa 40, kina cha 10, lijazwe changarawe. Bila hilo linakuwa dimbwi la matope, na mwalimu wa chekechea atakuwa na haki ya kuking'oa.

La mwisho tungependa mlianze kabla ya kukata mti mmoja. Nani anajaza maji kila asubuhi? Majina yaandikwe, yabandikwe mlangoni, na mwanafunzi mmoja arudi kila Ijumaa kwa wiki sita akiwa na kamba ya akiba mfukoni. Ripoti ya hizo Ijumaa sita ina thamani kuliko picha ya siku ya kukabidhi.

Mjukuu wangu anatumia kiti cha magurudumu na barabara yetu ni mawe matupu. Shule inasema anaweza kusamehewa mradi. Yeye hataki kusamehewa. — Bibi, Voi

Shikamoo, Bibi. Asisamehewe. Na wewe mwenyewe una kazi katika mradi huu.

Kwenye tovuti ya African Storybook kuna hadithi fupi zenye picha kwa watoto wanaoanza kusoma, na leseni yake inaruhusu mtu kuzitafsiri na kuzichapa bila malipo. Mjukuu achague moja ya kiwango cha kwanza, yenye sentensi moja kwa ukurasa, aitafsiri kwa Kitaita. Kosa la karibu kila mtu ni kufuata maneno ya Kiswahili moja baada ya jingine. Kwa hiyo afunge simu, akusimulie ukurasa kwa mdomo, wewe umwambie mtoto wa kwenu angesemaje, naye aandike hayo. Halafu mtoto wa darasa la pili asome kwa sauti. Pale anapokwama mara mbili, sentensi ni ndefu, ikatwe. Nakala tano zikichapwa na kushonwa kwa uzi zinatosha shule ya karibu kuanza nazo.

Akipenda kompyuta zaidi, kuna uchoraji wa ramani kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea: unapewa kipande cha picha ya setilaiti, unachora nyumba na njia. Wanaoanza huchora paa, na picha ikiwa imepigwa kwa mshazari nyumba inahama mita kadhaa. Achore paa, kisha alisogeze hadi kwenye msingi. Kwenye kibodi, herufi Q inanyoosha pembe, O inafanya msonge kuwa duara. Kipande kisichokamilika akiache wazi bila kukitia alama kwamba kimekwisha.

Kuna pia Common Voice, mradi wa mtandaoni wa kukusanya sauti: unasoma sentensi za Kiswahili na kurekodi sauti yako. Kwa umri wake ni lazima mzazi au mlezi aridhie na kuwapo, na mjue kabla kwamba sauti hizo huachiwa umma uzitumie.

Ripoti inataka picha. Kijana wangu amepiga watoto anaowasomesha barazani. Kuna ubaya? — Baba, Thika

Upo, kama wazazi wao hawakuulizwa. Sheria ya Kenya ya kulinda data binafsi ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kwa data ya mtoto, na picha ya uso ni data. Apige mikono juu ya kitabu, au baraza kabla na baada akiwa amesimama mahali palepale. Wazee na wagonjwa waulizwe kabla kamera haijatoka mfukoni. Aliyekwisha kupokea msaada huona vigumu kukataa.

Kikundi cha wanangu wanataka kuchangisha kwa simu. Laini iwe ya nani? — Mzazi, Kakamega

Ya mtu mzima, na mtu mzima wa pili aone taarifa ya laini kila jioni. Mtoto aandike daftari: tarehe, kiasi, kilichonunuliwa, namba ya risiti. Mchango ufungwe siku iliyotangazwa hata kama haujatimia, na kilichobaki kitangazwe kwenye kundi lilelile lililoombwa.