Mota inatetemeka haizunguki: usikimbilie kununua inveta nyingine

Aleikum salaam, ndugu yangu wa Malindi. Umesema mota ya Nissan Leaf, gari la umeme, uliyoitoa kwenye gari la ajali inatetemeka tu, kisha inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota) inazima na kudai mkondo umezidi, na fundi kakwambia transista za IGBT, yaani swichi kubwa za umeme ndani ya inveta, zimeungua. Ngoja kwanza. Mimi niko Amu (Lamu), mota yangu nimeifunga kwenye mashua, na dalili hizo hizo zilinisumbua karibu mwezi mzima.

Kabla hujagusa mfuniko wa inveta, fahamu kwamba betri ya Leaf ya mwanzo ina seli 96 kwa mfululizo, na ikijaa inakaribia volti 400. Kapasita ya inveta, kile kifaa kinachotunza umeme ndani yake, inaweza kubaki na umeme huo hata baada ya betri kuondolewa, nao unaua. Mimi huvaa glavu za umeme, nangoja dakika 10, napima, kisha naunganisha balbu mbili za zamani za volti 240, zile za waya wa kuwaka, moja ikifuatana na nyenzake, zinyonye kilichobaki. Halafu napima tena. Nakuomba sana, usiunganishe chanya na hasi kwa bisibisi.

Sasa IGBT. Fungua boliti za nyaya tatu nene ziendazo kwenye mota. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea: waya wa mota una ukinzani mdogo mno, kwa hiyo ukipima huku mota imeungwa, fezi moja mbovu (njia moja kati ya hizo tatu) itazifanya zote tatu zionekane mbovu. Zikishaachana, weka mita kwenye kipimo cha daiodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Waya mwekundu kwenye hasi ya betri, mweusi kwenye U, kisha V, kisha W (nafasi za nyaya tatu za mota upande wa inveta): utapata kama volti 0.3 hadi 0.5. Mwekundu kwenye U, V na W, mweusi kwenye chanya: hivyo hivyo. Ukigeuza, mita isipitishe. Sifuri pande zote mbili maana yake transista imeshikana, yaani inapitisha umeme wakati wote, na hapo fundi wako atakuwa na haki. Lakini sidhani, maana ikishikana kwa kawaida fyuzi hukatika au volti hazipandi kabisa, wala hutaona mota ikitetemeka.

Zangu zilikuwa nzima zote. Daiodi nzima si ushahidi kamili, kwa sababu transista inaweza kugoma kufunguka, ila ilinitosha kutazama kwingine.

Nikaenda kwenye resolva, kile kifaa kilicho nyuma ya mota kinachoiambia inveta rota, sehemu ya mota inayozunguka, iko pembe gani. Inveta isipojua pembe, husukuma mkondo mahali pasipofaa: mota hutetemeka, mkondo unapanda, inajizima. Plagi yake ina nyaya sita, jozi tatu: moja ya kulisha, na mbili za kurudisha ishara za pembe, moja ya sine, moja ya kosine. Sine na kosine ziwe na omu (kipimo cha ukinzani) zinazokaribiana, na hakuna inayogusa bodi ya mota. Yangu ya kosine ilikuwa ikipandapanda kila nikitikisa waya. Nilipochomoa plagi nikakuta kutu ya kijani kwenye pini mbili. Ni chumvi: wakati wa kusi mashua ilirusha maji, nami sikufunika plagi. Nilisafisha kwa maji ya betri yasiyo na asidi, kisha spiriti, nikakausha, nikabadili pini na kupaka grisi ya silikoni. Mota ikazunguka laini siku hiyo hiyo.

Wewe uko pwani kama mimi, na gari la ajali halijulikani lililala wapi. Tazama pia kama kuna aliyerudisha U, V na W kinyume, kwani hilo nalo linaleta mtetemo ule ule.

Ukirudisha betri, hakikisha rezista ya kujaza kapasita polepole inafanya kazi kabla kontakta kubwa, swichi kuu ya betri, haijafunga, la sivyo kontakta hiyo itajichomelea.

Pima daiodi na resolva kesho, uniandikie namba zote ulizopata, nitazilinganisha na zangu.