Pesa za Inua Jamii za nyanya aliyefariki

Unauliza kama ulitoa pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwasaidia wazee, kwa kadi ya nyanya aliyekwisha kufariki, je, ukizirudisha kosa linafutika? Hapana, kurudisha hizo pesa hakufuti kosa. Zile shilingi 2,000 za kila mwezi ni za mzee mwenyewe aliye hai. Akishafariki, kila unachotoa kwa kadi yake ni mali ya umma. Sheria ya kupambana na ufisadi ya mwaka 2003, kifungu cha 45, inakataza kujipatia mali au faida ya umma kwa ulaghai. Adhabu iko kifungu cha 48: faini isiyozidi milioni 1 au jela isiyozidi miaka 10, au zote mbili, na juu yake faini ya lazima mara mbili ya ulichokula. Kwa hivyo ukila 24,000 za miezi 12, hiyo faini ya lazima peke yake ni 48,000. Tena fidia unaweza kudaiwa kando.

Lakini rudisha, tafadhali, kabla hujaitwa. Hakimu huangalia hilo. Huku Ahero jirani yangu alipofiwa na mamake alipeleka kadi na cheti cha kifo kwa chifu wiki ileile ya mazishi, matanga hata hayajaisha. Kama ulitoa mara moja kwa kutojua, hiyo ni tofauti, maana lazima nia ya kulaghai ithibitishwe. Miezi 12 mfululizo ni vigumu kuieleza.