Maswali ya Wasomaji: Nimepata 680 katika GRE ya Fizikia, niitume?

SWALI: Naomba nafasi ya uzamivu wa fizikia Marekani. Wastani wangu wa shahada ya kwanza ni mzuri, na nimefanya mradi wa maabara wa mwaka mzima. Katika GRE ya Fizikia, mtihani wa somo kwa waombaji wa masomo ya juu, nimepata 680. Idara nyingi zinasema mtihani "si lazima". Je, niitume alama hii?

JIBU: Kwa faili lako, usiitume isipokuwa idara inaidai.

Kila idara ina sera yake, na hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma ukurasa wa idara yenyewe, si wa chuo. Idara ikisema haipokei, ukiituma utapoteza ada ya kutuma tu. Angalia pia kama inazungumzia GRE ya jumla (ya lugha, hesabu na uandishi) au ya fizikia. Hapo wengi huchanganya.

Kigugumizi huja kwenye "si lazima". Kamati ya udahili hujiuliza mambo mawili: ataweza masomo ya mwaka wa kwanza? Ataweza utafiti? Mtihani hugusa la kwanza tu. Utafiti uliotoka mwaka 2019 katika jarida la Science Advances, kwa data za wanafunzi karibu 4,000, ulikuta alama hizi hazitabiri vizuri nani atamaliza uzamivu. Wakosoaji walijibu, na wana hoja, kwamba waliochunguzwa walikuwa wamekwishachujwa: ni waliodahiliwa tu, si waombaji wote.

Alama ya juu humfaa anayetoka chuo ambacho kamati haikijui, au aliyeteleza katika mekanika ya kwanta. Alama za mtihani huu ni 200 hadi 990. 680 haizibi pengo lolote, na wewe pengo la masomo huna.

Ukilazimika kurudia, mtihani wa sasa ni wa kompyuta: saa mbili, maswali kama 70, kosa halikatwi alama, basi usiache swali wazi. Mekanika (asilimia 20), usumakuumeme (18) na kwanta (12) ni nusu ya mtihani. Wanaoujua somo hukwama kwa kukokotoa kila kitu hadi mwisho, ilhali kila swali lina chini ya dakika mbili. Kagua kama vipimo vya kila jibu (mita, sekunde) vinalingana na swali, jaribu kuweka sifuri au namba kubwa mno kwenye fomula, futa yasiyowezekana. Baadaye unaruhusiwa kuchagua matokeo ya tarehe ipi yatumwe.

Lakini maombi mengi hufungwa Desemba, na muda huo una kazi bora zaidi: barua za mapendekezo. Mwombe msimamizi wa mradi aeleze ulichokifanya wewe mwenyewe: kifaa ulichokiunda, programu uliyoiandika, hitilafu ya vipimo uliyoigundua.