Wekundu wa chupa hauongezi damu

SWALI: Daktari, nina ujauzito wa miezi mitano na ninaishi Wete. Kliniki wamenipima damu wakaniambia ni 8.9, wakanipa vidonge vya kuongeza damu, nimeze viwili kwa siku. Moyo unanichafuka kila nikivimeza na choo kimekuwa cheusi. Mama mkwe ameninunulia sokoni chupa ya dawa nyekundu ya rozela, bitiruti na mizizi, na muuzaji amemhakikishia kuwa inajaza damu kwa siku saba. Je, naweza kuacha vidonge nikatumia hiyo?

JIBU: Dada yangu, vidonge usiviache. Weusi wa choo ni madini ya chuma ambayo mwili haukuyafyonza, nao hauna madhara yoyote. Kuhusu kuchafukwa moyo, usimeze viwili kwa pamoja. Kimoja kihamishie usiku wakati wa kulala, na kama tumbo tupu linakushinda, tanguliza chakula kidogo. Chakula hupunguza kiasi cha chuma kinachofyonzwa, lakini kidonge kilichomezwa na chakula kinafaa kuliko kilichobaki ndani ya kikopo. Kinachoharibu kazi ya vidonge hivi zaidi ni chai, kwa sababu tanini iliyomo ndani yake hushikana na chuma na kukizuia kuingia mwilini, na wengi wetu huvimeza asubuhi kwa chai ya rangi ile ile ya kunywea mkate. Wewe meza kwa maji yaliyokamuliwa ndimu au chungwa, na chai ingoje kwa saa moja au mbili.

Sasa nije kwenye chupa, kwani ndiyo inayowachelewesha kina mama wengi ninaowaona. Wekundu wa damu unatokana na himoglobini, ndiyo hiyo uliyopimwa ukaambiwa 8.9, yaani gramu kwa kila desilita ya damu, na mwili hauwezi kuitengeneza bila ya chuma. Wekundu wa rozela na bitiruti ni rangi ya mmea tu, na haugeuki kuwa damu hata ukinywa ndoo nzima. Gramu 100 za bitiruti zina takriban miligramu 0.8 za chuma, ilhali kidonge kimoja ulichopewa kwa kawaida kina miligramu 60 pamoja na asidi ya foliki. Kwa hiyo, ili bitiruti ilingane na kidonge kimoja, ungelazimika kula zaidi ya kilo saba kwa siku, na hata hapo chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Ujauzito mmoja unahitaji takriban miligramu 1,000 za chuma kwa jumla, kwa ajili ya mama, mtoto na kondo la nyuma.

Hizo siku saba ni uongo, na ninalisema hili bila ya kumumunya maneno. Kwa dozi kamili ya vidonge, himoglobini hupanda kwa takriban gramu moja kwa desilita katika muda wa wiki mbili hadi nne. Anayekunywa chupa kwa wiki moja akahisi kizunguzungu kimemwondoka amepata maji na sukari, maana vinywaji hivi hutiwa sukari nyingi. Mwengine huwa anakunywa chupa huku akiendelea na vidonge, damu ikipanda sifa zote zinakwenda kwa muuzaji, na jirani yake anayesikia habari hiyo anaacha vidonge. Anayekuja kugundua kosa hilo katika mwezi wa nane hana tena muda wa kutosha, na damu inayopotea wakati wa kujifungua, ambayo mwenye 11 angeistahimili, inaweza kumuua mwenye 7.

Vilevile, si kila upungufu wa damu unatokana na chakula. Hapa kwetu safura, yaani minyoo, humnyonya mtu damu tumboni, na kichocho, ambacho Pemba tunakifahamu vyema, humtoa damu kwenye mkojo. Wapo pia wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambao kuwapa chuma bila ya vipimo kunaweza kuwadhuru. Muuzaji wa chupa hapimi choo wala mkojo.

Wala simaanishi kwamba vidonge ni vya kugawiana nyumbani. Utafiti mkubwa uliofanyika hapa Pemba kwa watoto wadogo, uliochapishwa mwaka 2006 katika jarida la The Lancet, ulionesha kwamba kuwapa watoto wote chuma na asidi ya foliki, wakati malaria ikiwa nyingi, kuliongeza waliolazwa hospitali na waliofariki, hata utoaji huo ukasitishwa. Kwa hivyo usimpe mtoto vidonge vyako kwa kuwa anaonekana amepauka, na viweke asipovifikia, kwa sababu vichache tu vinaweza kumuua.

Rudi kliniki baada ya wiki nne upimwe tena. Damu isipopanda ilhali umemeza kila siku, omba uchunguzwe choo, mkojo na selimundu. Ikishuka chini ya 7, au ukipata pumzi fupi na moyo kwenda mbio hali ya kuwa umepumzika, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ikifika 11, utapunguziwa dozi iwe kidonge kimoja kwa siku, uendelee nacho mpaka miezi mitatu baada ya kujifungua ili akiba ijae. Chupa nayo, kama umeshaanza kuinywa, ichukue pamoja na kadi yako umuoneshe mkunga, kwani hiyo mizizi iliyomo hatujui ni ya mti gani.