Daftari la tawi letu

Swali la wiki hii mmeuliza hivi, mabishano ya itikadi ndani ya chama yanakijenga chama au yanakiua? Nimekaa nalo siku mbili, nitajibu kwa urefu kidogo mnivumilie, naandika kutoka Tandahimba.

Mimi naona itikadi inasingiziwa. Vyama vyetu vinavunjika kwa sababu ya watu, halafu tunaambiwa ni itikadi, na siku wanachama wakibishana itikadi ya kweli wananyamazishwa.

Nilikuwa katibu wa tawi kwa miaka kadhaa, chama sikitaji. Kuna kikao kimoja tulikaa chini ya mkorosho kuanzia saa tisa mpaka giza likaingia, ajenda ilikuwa stakabadhi ghalani. Kwa wasiojua, huo mfumo ulianza kwetu Mtwara 2007, mkulima anapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, zinaenda ghala kuu, wakati ule wanunuzi walikuwa wanaandika bei zao, zinafunguliwa siku ya mnada mbele ya wakulima, wakiridhika ndo zinauzwa, kuuza mlangoni kwako hairuhusiwi. Tukajiuliza, sisi kama chama tunautaka mfumo huu au tunataka kila mtu auze kwa amtakaye?

Kuna mzee pale tunamuita babu, alisimama akapinga kwa nguvu zote. Yeye alihamishwa enzi za vijiji vya ujamaa, mikorosho yake ikabaki kule alikotoka, majani yakaimeza na moto ukapita. Na hayakumkuta peke yake, msimu wa 1973/74 nchi ilipata tani kama 145,000 za korosho, kufika katikati ya miaka ya themanini tulikuwa chini ya tani 20,000. Bei mbovu ilichangia, ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia, lakini ukimtenganisha mtu na miti yake nani atapalilia? Kwa hiyo babu akisikia ushirika, akisikia ghala, anasikia lile lori lililombeba. Akataja na makato, na unyaufu, yaani uzito unaopungua korosho zikikauka, ambao kila mwaka anakatwa mkulima, na malipo kuchelewa.

Mama mmoja mjane ana watoto wanne akamjibu, akasema babu shikamoo lakini hapa sikubaliani na wewe, kangomba, yule mlanguzi, anakuja mwezi wa pili njaa imekaza, anakupimia unga, anaandika kwenye karatasi yake korosho ambazo hata maua hazijatoa, msimu ukifika unavuna shamba lako kumlipa yeye, sasa huo uhuru wa kuuza nitauzia nini?

Jamani mimi nilikuwa naandika mkono unatetemeka. Hiyo ndo itikadi, dola ishike wapi na soko liachwe wapi, na mnyonge alindwe na nani, inasemwa na watu ambao neno itikadi lenyewe hawalitumii. Tukapiga kura, 19 mfumo ubaki ila makato yapunguzwe, 14 waliukataa, wawili hawakupiga. Hakuna aliyenuna, wakaondoka wanabishana njiani huku wamebebana kwenye baiskeli.

Nikapeleka azimio wilayani. Jibu la maandishi halikuja, akaja mtu akatuambia sera zinatungwa makao makuu, tawi kazi yake kuhamasisha na kukusanya ada, tusilete migogoro. Kikao kilichofuata walikuja watu tisa.

Baadae wakubwa wa juu wakagombana, na sisi tukaambiwa tuchague upande maana eti ni suala la misimamo ya kiitikadi. Nikachukua daftari nikalinganisha majina. Wale 19, 11 walienda huku na nane walienda kule. Wale 14, nane huku, sita kule. Yaani mawazo yao hayakuhusika kabisa, kilichohusika ni nani anamjua nani na nani kaahidiwa nini. Kuna kijana alikosana na mjomba wake kwa ajili hiyo, na kwetu Wamakonde mjomba ni mzazi, mpaka msiba ukatokea wakakaa makundi mawili, mimi nilishuhudia na iliniuma sana.

Sio chama changu tu. CUF ni chama cha kiliberali, itikadi yake inaitwa utajirisho, ACT Wazalendo wao ni wajamaa, walitoa Azimio la Tabora 2015 kulihuisha lile la Arusha. March 2019 Maalim Seif, aliyekuwa katibu mkuu wa CUF, akahamia ACT baada ya mahakama kumpa ushindi Profesa Lipumba kwenye mgogoro wa uenyekiti, ikawa shusha tanga pandisha tanga, maelfu ya watu wametoka kwenye uliberali wameingia kwenye ujamaa kwa siku chache. Simlaumu Maalim, alikuwa amebanwa kweli. Ninachouliza ni kikao gani cha tawi kiliwaeleza wanachama kwamba wamebadilisha itikadi?

CHADEMA angalau 2025 walikuwa na hoja inayoeleweka. Lissu alimshinda Mbowe kwenye uenyekiti kwa kura 513 dhidi ya 482, chama kikashika msimamo kwamba bila mabadiliko hakuna uchaguzi, wanachama walioitwa G55 wakapinga hadharani na Mei wengi wao wakaenda chama kingine, CHAUMMA. Unaweza usiwapende lakini unajua walichokataa.

Na hilo swali la kushiriki au kususa lina historia. Januari 1958 TANU walikutana Tabora wana ghadhabu na kura tatu, mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walitaka kususa, Nyerere akataka waingie hivohivo, wakabishana mpaka akawashawishi. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka akaanzisha chama chake, ANC, na 1962 akagombea urais kupambana na Nyerere, akashindwa vibaya lakini hoja yake kila mtu aliijua. TANU ilitoka Tabora na nguvu kuliko ilivoingia.

Hata 2018 wakati wa ushuru wa korosho zinazouzwa nje, ile asilimia 65 ya ushuru iliyokuwa inarudi kuendeleza zao, wabunge wa kusini wa CCM na wa upinzani walisimama pamoja bungeni kutaka isiondolewe. Ikaondolewa. Lile lilikuwa bishano zuri kabisa la itikadi ndani ya chama tawala, ila liliishia Dodoma, sikusikia tawi lolote huku limeitwa kulijadili.

Mimi siko kwenye uongozi tena, babu bado yupo na yule mama bado anapeleka korosho zake AMCOS na bado hawakubaliani. Daftari ninalo kabatini. Azimio letu liko ukurasa wa 42, na nusu ya ukurasa nilioiacha ya kuandika majibu ya wilaya iko wazi mpaka leo.