Nyota Tano Zimetoka kwa Nani?

Barua za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa sura nyingi: katika maoni ya wateja yaliyojaa mtandaoni, asadikiwe nani? Tumechagua nne.

SWALI: Assalamu aleikum. Jamaa zangu kumi na wawili wanakuja harusini mwezi wa Desemba, nami natafuta nyumba ya kuwapangia Bamburi kwa siku tano. Kwenye ramani ya Google nimeona mbili za bei moja. Ya kwanza ina nyota 5.0 kwa maoni 9, ya pili nyota 4.4 kwa maoni 210. Mume wangu ataka hiyo ya tano kamili. Mnasemaje?
*Msomaji, Mtwapa*

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Shika kalamu kwanza. Kila nyumba iongezee wageni 10 wa kubuni, kila mmoja ametoa nyota 3.5, yaani jumla 35. Nyumba ya kwanza: 9 mara 5 ni 45, ongeza 35 upate 80, gawa kwa 19. Jibu ni 4.21. Ya pili: 210 mara 4.4 ni 924, ongeza 35 upate 959, gawa kwa 220. Jibu ni 4.36. Ya pili imepita. Hesabu hii haisemi kwamba nyumba ya kwanza ni mbaya. Inakuonyesha tu jinsi watu tisa walivyo wachache: ndugu wawili wa mwenye nyumba, shemeji, na marafiki wa mtaani wanatosha kuifikisha pale.

Halafu uliza nani aliruhusiwa kuandika. Booking.com, mtandao wa kuwekea nafasi za malazi, huchukua maoni ya aliyeweka nafasi kupitia kwao. Airbnb, mtandao wa kupangisha nyumba za watu kwa siku chache, huwapa mgeni na mwenyeji siku 14 za kuandika, na hakuna anayeona ya mwenzake mpaka wote wawili wameandika au muda umekwisha, ili asiandike mtu kwa kulipiza. Hata hivyo mgeni aliyepokewa kwa madafu na mwenye nyumba mwenyewe huona haya kumwandika vibaya, ndiyo maana alama za Airbnb huwa juu mno, 4.4 ya huko ni ishara ya kuuliza maswali, ilhali 4.4 ya Google ni alama nzuri. Google yenyewe haidai risiti wala ithibati yoyote kwamba ulifika. Mwaka 2017 kibanda cha bustani mtaani Dulwich, London, ambacho hakikuwa mkahawa wa kweli, kilipanda hadi namba moja kati ya mikahawa ya jiji hilo kwenye Tripadvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri, kwa maoni ya kutunga.

Sasa fungua maoni yenyewe. Yapange mapya yaje mwanzo, kwa sababu Google hukuwekea mbele yale inayoona yanafaa zaidi, na huenda ni ya miaka mitatu iliyopita, kabla nyumba haijabadilisha msimamizi. Anza na nyota mbili na tatu. Mwenye furaha ya kupita kiasi na mwenye hasira wote huandika kwa pumzi moja. Aliyetoa tatu amepima. Kwa Bamburi tafuta maneno ambayo mtu hawezi kuyaandika akiwa hajalala pale: maji ya bafuni ni ya chumvi au ya mfereji, yanafika ghorofa ya juu asubuhi watu wakioga pamoja, umeme ukikatika jenereta inabeba feni na taa tu au na friji pia, kutoka getini hadi barabara ya matatu ni dakika ngapi kwa mguu. "Pazuri sana, tutarudi" halina uzito wowote. Na kwa kuwa wageni wako wanakuja Desemba, tafuta ya Desemba na Januari za nyuma. Ndipo nyumba hujaa na tangi likakauka. Sifa za Juni, nyumba ikiwa na wageni wawili, hazitakusaidia.

Mwisho tazama tarehe. Maoni tisa yaliyoandikwa ndani ya wiki moja, kisha kimya cha miezi, yamepangwa. Gusa jina la kila mwandishi. Akaunti yenye maoni hayo tu maishani mwake usiihesabu. Ukitoa hizo na zikabaki tatu, basi nyumba ile ina maoni matatu, na mume wako umweleze hivyo.

SWALI: Niko kwenye kundi la Facebook la akina mama wa hapa Mombasa, tunapeana habari za saluni, maduka na mafundi. Yuko dada mmoja mwenye beji ya mchangiaji bora, kila mtu humsikiliza. Alinielekeza duka la leso Biashara Street na hakukosea. Nikamwamini pia kwa fundi wa friji. Friji ilipoa wiki tatu, ikarudi palepale. Je, ni mwongo?
*Msomaji, Kisauni*

JIBU: Pengine si mwongo hata kidogo, dada. Anajua leso. Imani ya mtandaoni igawanywe kwa fani: anayejua kupima uzito wa kitambaa na rangi isiyochuja hajui lazima kwa nini friji inaacha kupoa.

Na hapa kosa lake linaonekana wazi. Friji iliyopoteza gesi ina tundu mahali. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, nayo hula mabomba ya nyuma taratibu. Fundi akijaza gesi bila kuziba tundu, friji hupoa vizuri sana siku ile, mteja hufurahi, huandika nyota tano jioni ileile. Wiki tatu baadaye gesi imetoka tena, na sifa bado ziko pale. Kwa hiyo maoni ya fundi wa friji yaliyoandikwa kabla miezi mitatu haijapita tangu atengeneze yanakuambia kwamba fundi alikuja kwa wakati na ana adabu, basi. Unayemtafuta ni mwandishi anayesema: fundi alitafuta tundu kwa povu la sabuni, akalichomelea, akafyonza hewa kwa pampu kabla ya kujaza, na friji ina mwezi wa tano haijasumbua. Kama friji yenu ni ya gesi ya R600a, iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma, fundi lazima awe na mzani, kwa sababu kiasi chake ni gramu chache tu zilizotajwa papo hapo, na gesi hiyo hushika moto. Mteja aliyeona mzani na akautaja, huyo alikuwa macho.

Kuhusu beji: huhesabu wingi. Google, kwa mfano, humpa anayeandika kwenye ramani yake pointi 10 kwa kila maoni, 10 zaidi yakizidi herufi 200, na 5 kwa picha. Beji huanza kuonekana ngazi ya nne, yaani pointi 250. Maoni marefu kumi na matatu yanaifikisha, yawe ya kweli au ya kubahatisha.

Kipimo tunachokiamini kuliko vyote ni hiki. Chagua mahali patatu unapopajua wewe kama kiganja chako: duka la mtaani, zahanati, mkahawa wa chakula cha mchana. Soma alichoandika mtu huyo kuhusu hapo. Aliona unachokiona wewe? Alitaja kasoro unayoijua? Akikubaliana nawe mara tatu kwenye vyakula, mfuate kwenye vyakula. Na hata yule unayepingana naye kila mara ana faida akiwa na msimamo: kama hulalamika kila pahali kwamba pilipili imezidi, nawe wapenda pilipili, umepata mwelekezi.

Kisha muulize mbele ya watu, kwa heshima: "Dada, ulilipa mwenyewe? Ilikuwa lini? Kitu gani hakikukupendeza?" Mkweli hujibu kwa mistari miwili. Kupewa bidhaa bure si dhambi akisema; akificha, ni tangazo. Tazama pia msimamizi wa kundi anafanya nini na mwanachama anayepinga. Kundi ambalo lawama hufutwa ndani ya saa moja linabakiza sifa peke yake, na hapo hata wanachama wakweli hawakufai, kwani husikii nusu ya pili ya wanayoyasema.

Mwandikie dada huyo kwamba friji imerudi kuharibika. Akirekebisha maneno yake ya awali, mwongezee imani.

SWALI: Nina mkahawa mdogo karibu na Mwembe Tayari. Usiku mmoja tumepata nyota moja mara tano. Mmoja analalamikia biriani ya Jumanne, nasi biriani twapika Ijumaa tu. Kijana mmoja amenishauri ninunue nyota tano thelathini kwa bei nafuu.
*Mama mwenye mkahawa*

JIBU: Pole sana mama, na usinunue. Akaunti zinazouzwa husifu kinyozi wa nchi ya mbali asubuhi na mkahawa wako jioni. Mteja akigusa jina ataona, na Google ikizifagia huenda ikaondoa na za wateja wako halisi. Marekani imepiga marufuku kuuza na kununua maoni ya uongo tangu Oktoba 2024, Uingereza tangu Aprili 2025. Kwetu Kenya, Sheria ya Kuwalinda Wateja ya mwaka 2012 inakataza kumpa mteja maelezo ya uongo kuhusu bidhaa au huduma.

Piga picha za skrini za maoni yote matano, tarehe zionekane. Gusa vitone vitatu kando ya kila moja, chagua kuripoti. Ikikataliwa, mwenye biashara ana njia ya kukata rufaa. Jibu lile la biriani hadharani, bila kumwita mtu mwongo: "Asante kwa kutuandikia. Biriani hupikwa hapa siku ya Ijumaa peke yake. Tafadhali tutajie siku na ulicholipia, tukurekebishie." Anayesoma atajiamulia. Usimwahidi mteja soda ya bure ili aandike, Google hairuhusu. Waombe wote sawasawa, wanaposhiba na wanaponuna, na kidogo kidogo, kwa sababu maoni ishirini ya siku moja yanafanana na ya kununuliwa hata yakiwa ya kweli.

Lakini kati ya hayo matano, je, limo linalosema jambo mnalolijua? Mbaazi baridi, mhudumu mkali? Hilo lijibuni kwa kukiri.

SWALI: Siku hizi akili mnemba huandika maoni. Nitayatambuaje?
*Msomaji, Changamwe*

JIBU: Kwa lugha peke yake, hutayatambua, ndugu. Ufasaha si ushahidi tena, wala makosa ya tahajia. Angalia picha: ile ya meza yenye sufuria nusu, risiti yenye tarehe, ukuta wenye doa la unyevu. Linganisha na picha za wageni wengine. Vigae vya sakafu na rangi ya mlango lazima vifanane. Kisha mwulize mwandishi swali dogo ambalo halimo kwenye tangazo la mwenye biashara, kwa mfano swichi ya hita ya bafuni iko upande gani wa mlango.